Kwetu, Kule, Ng'ambo: Lugha ya Furaha ya Mbinguni katika Nyimbo za Kwaya za Kanyosha

Mwanzoni mwa muhula tuliwapa wanafunzi wetu zoezi dogo. Kila mmoja alitakiwa aende mtaani anakoishi au kwa jamaa zake, asikilize wimbo mmoja wa Kiswahili unaoimbwa na watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, auandike neno kwa neno kama alivyousikia, kisha aje nao darasani. Tulitarajia kuletewa muziki wa dansi kutoka Kongo na bongo fleva kutoka Dar es Salaam. Tukaletewa kwaya. Karatasi zilizotoka Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, zilikuwa karibu zote za kwaya, na karibu zote zilizungumzia jambo moja: furaha itakayokuwako mbinguni.

Zoezi lilikuwa la ngeli za mahali tu. Lakini ubishi uliozuka darasani ulikuwa mkubwa kuliko zoezi lenyewe, na ndiyo sababu tumeona tuwaeleze wasomaji wa jarida hili yaliyojitokeza. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba alipokuwa sekondari aliandika insha, akatumia maneno aliyokuwa ameyazoea kanisani, na mwalimu wake akayapiga mistari myekundu yote. Tangu siku hiyo, alisema, anapoimba Jumapili huwa anajiuliza kama anaimba makosa. Swali lake lilikuwa rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: je, Kiswahili cha kwaya ni Kiswahili kibovu?

Kwa msomaji asiyeifahamu Bujumbura, tuseme kwanza mahali tunapopazungumzia. Kanyosha iko kwenye barabara iendayo Rumonge. Upande wa magharibi ni Ziwa Tanganyika, na siku isiyo na ukungu milima ya Kongo huonekana ng'ambo kana kwamba mtu angeweza kuigusa. Upande wa mashariki vinainuka vilima vya Mumirwa, na kutoka huko unashuka mto unaoitwa kwa jina hilohilo la Kanyosha, mto ambao wakati wa masika hula kingo zake na kutishia nyumba za watu. Lugha ya nyumbani ni Kirundi. Anayetaka kusikia Kiswahili cha kila siku mjini huelekezwa Buyenzi na Bwiza, au aambiwe ashuke hadi Rumonge na Nyanza-Lac.

Basi Kiswahili kinafanya nini katika kwaya za Kanyosha? Na kwa nini kinapewa kazi nzito kama hiyo ya kuisema mbingu, wakati Kirundi kina neno lake zuri, ijuru, na neno lake zuri la furaha, umunezero?

Lugha ya soko yapanda mimbarini

Historia ya Kiswahili nchini Burundi haikuanzia kanisani. Kilikuja na wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Ujiji, kikaja tena na askari wa Wajerumani, kikakaa Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati wa ukoloni. Kwa muda mrefu wamisionari wengi, hasa Wakatoliki, walikitilia shaka kwa sababu walikiona ni lugha ya Uislamu, nao wakachagua kuhubiri na kuandika kwa Kirundi. Hata leo neno "umuswahili" katika vinywa vya baadhi ya Warundi lina maana isiyopendeza, ya mtu mjanja wa mjini asiyeaminika. Tunaitaja habari hii kwa sababu wanafunzi wetu wengi hawaijui, na asiyeijua hawezi kuona ajabu iliyopo: lugha iliyoambiwa kwamba haifai kanisani ndiyo leo inayoimba Yerusalemu mpya.

Njia iliyopitia ni mbili, tatu. Ya kwanza ni ukimbizi. Waliokimbia mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania; waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1993 walijaa katika kambi za Kigoma na Ngara. Huko watoto walikua wakisikia Kiswahili pande zote, na kwaya zikawa kama shule nyingine. Waliorudi walirudi na nyimbo. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, kwa mfano, waliorejea Burundi walikuwamo vijana waliokuwa wakisoma nota kwa Kiswahili na kusalimiana na bibi zao kwa Kirundi cha kusitasita.

Njia ya pili ni jirani. Uvira iko mwendo mfupi tu kutoka Bujumbura, na kwaya za Kivu hazijapata kuona haya kuimba kwa Kiswahili. Kanda zao, baadaye sidii zao, na siku hizi video zao za intaneti, zinavuka mpaka bila pasipoti. Halafu kuna soko lenyewe: kwaya inayorekodi kwa Kirundi husikilizwa Burundi na, kwa kiasi, Rwanda, inayorekodi kwa Kiswahili husikilizwa Kigoma, Bukavu, Nairobi na Mombasa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini kwaya zilikuwa zimekwisha kujiunga zamani.

Ya tatu ni ya muziki, nayo ndiyo inayotuvutia zaidi kama watu wa lugha. Kirundi ni lugha ya toni, na urefu wa irabu hubadili maana. Tenzi nyingi za kanisani zilikuja na sauti zilizotungwa Ulaya na Marekani. Sauti ikipanda mahali ambapo toni ya neno inashuka, msikilizaji huweza kusikia neno jingine, au asisikie neno kabisa. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo tu, na mkazo wenyewe una adabu: hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo Kiswahili huvaa sauti ya kigeni kwa urahisi kuliko Kirundi. Hatusemi kwamba viongozi wa kwaya hukaa chini wakapima jambo hili. Tunasema kwamba masikio yao yanalijua.

"Kwetu" ni wapi?

Ubishi mkubwa darasani ulianza na wimbo ambao haukutungwa Burundi. Kwaya ya Ambassadors of Christ ya Waadventista wa Remera, mjini Kigali, ilitoa wimbo uitwao "Kwetu Pazuri", ambao umeenea Afrika Mashariki nzima na ambao kwaya nyingi za Bujumbura huuimba kama wao. Unaisema mbingu kuwa ndiyo kwetu. Wengi wanakumbuka pia kwamba mwaka 2011 kwaya hiyo ilipata ajali ya barabarani nchini Tanzania na kufiwa na baadhi ya waimbaji wake, na tangu hapo jina la wimbo lina uzito mwingine kwa wanaouimba.

Lakini tazameni jina lenyewe kwa macho ya sarufi. "Kwetu" ni ya ngeli ya KU. "Pazuri" ni ya ngeli ya PA. Mwanafunzi mmoja, mwenye bidii, alisema kwa sauti ya ushindi kwamba hapo pana kosa: ilipasa kuwa "kwetu kuzuri". Nusu ya darasa ikamuunga mkono. Nusu nyingine, ambao ni waimbaji, ikakasirika.

Msimamo wetu ni kwamba hakuna kosa, na sababu tunazo. "Kwetu" katika matumizi haya limekwisha kuwa jina. Halisemi tu "kwenye kitu chetu". Linasema nyumbani, kijiji, nchi, mahali mtu anapotokea. Na nyumbani ni mahali maalumu, panapojulikana, penye mlango na watu. Mzungumzaji anapopasifu anapaona kwa macho ya moyo, na PA ndiyo ngeli ya mahali panapoonekana na kujulikana. "Kuzuri" ingekuwa sahihi pia, ila ingetuacha mbali kidogo, katika eneo pana lisilo na mipaka. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili, na si wa Burundi na Rwanda peke yao, husema "kwetu ni pazuri" bila kusitasita.

Anayezungumza Kirundi ana sababu ya ziada. Kwake "kwetu" ni iwacu, na sifa inayofuata ni heza: iwacu ni heza. Hiyo ha- iliyomo ndani ya heza ni ndugu wa pa- ya Kiswahili. Sauti p ya Kibantu cha kale imebaki p katika Kiswahili na imekuwa h katika Kirundi. Ndiyo maana sisi twasema kupa na wao wasema guha. Kwa hiyo Mrundi anayeimba "kwetu pazuri" hatafsiri vibaya. Anapita katika njia ambayo lugha yake na ya Waswahili zilikwisha kuifyeka pamoja zamani za kale. Mwanafunzi aliyedhani ni kosa hakuwa mjinga. Alikuwa amekariri jedwali la ngeli bila kuambiwa kwamba jedwali ni picha ya lugha, na picha huacha vitu nje.

Zaidi ya sarufi, neno hili linabeba maisha ya watu. Kwa aliyekulia Mishamo, "kwetu" lilikuwa neno la kubishaniwa: wazazi wakisema kwetu ni Burundi, mtoto akisema kwetu ni hapa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi la mwaka 1972 walipata uraia wa Tanzania, na bila shaka ubishi huo haukuisha siku ile. Mtu wa namna hiyo akiimba kwamba kwetu ni mbinguni, hakwepi swali. Analijibu kwa namna yake.

Mbinguni pana, kuna, au mna?

Tuje kwenye zoezi lenyewe. Neno "mbingu" ni wingi wa "uwingu", umoja ambao siku hizi hautumiki, na ndugu yake ni "wingu" la mvua. Ndiyo maana twasema mbingu zimefunguka, si imefunguka. Tukiongeza -ni tunapata "mbinguni", na hapo ngeli zote tatu za mahali ziko tayari. Mbinguni pana furaha. Mbinguni kuna furaha. Mbinguni mna furaha. Katika karatasi za Kanyosha tulizikuta pana na kuna. Mna tuliiona mara moja tu.

Wanafunzi walieleza tofauti vizuri: pana ni ya mahali dhahiri, kuna ni ya mbali au pasipo mipaka, mna ni ya ndani. Lakini kwa nini mna ni adimu, wakati mbinguni mtu anatarajia kuingia ndani, tena kwa malango? Jibu letu ni kwamba mna ina mtego. Anayesikia "mbinguni mna furaha" anaweza kudhani waimbaji wanawaambia watu fulani: ninyi mna furaha. Katika ukanushi mtego unakuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa "hamtakuwa na machozi" yaweza kuwa habari ya mahali na yaweza kuwa ahadi kwa wasikilizaji. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, maana katika wimbo wa namna hii maana zote mbili zinafaa.

Kuhusu ukanushi kuna la kuongeza. Sura ya 21 ya Ufunuo, ambayo nyimbo hizi huitumia kama ghala, inaieleza mbingu kwa mambo mawili: vitu vilivyopo, yaani dhahabu, lulu, malango kumi na mawili, na vitu visivyokuwapo, yaani machozi, mauti, kilio, maumivu. Tulipohesabu katika karatasi za Kanyosha tuliona vitu visivyokuwapo vimewashinda vilivyopo. Lulu ilitajwa kidogo. Machozi yalitajwa kila mahali. Hatutaki kujenga nadharia juu ya karatasi chache, lakini mtaa huu unayajua mambo hayo kwa majina. Julai 2003 mapigano yalifika mitaa ya kusini ya jiji, na watu wakakimbia na magodoro kichwani. Aliyekuwa mtoto wakati ule leo ndiye sauti ya nne katika kwaya.

Aidha, wengi walitumia wakati uliopo: mbinguni hakuna machozi, wala si hakutakuwa. Mwalimu wa sarufi angeweza kuuliza kwa nini si wakati ujao, ikiwa mambo yenyewe hayajaja. Lakini anayeimba haelezi tukio litakalotokea. Anaeleza tabia ya mahali palipo tayari. Ni kama mtu anavyosema kwamba Gitega kuna baridi, hata kama yeye hajafika.

Tukifika na tutakapofika

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Kiswahili kinampa mtunzi njia mbili za kusema habari ya siku ya kufika. "Tukifika mbinguni tutaimba." "Tutakapofika mbinguni tutaimba." Katika mazungumzo ya kila siku watu huzibadilishana bila kujali. Lakini -ki- ina mlango ulioachwa wazi: yaweza kuwa ni wakati tukifika, yaweza kuwa ni ikiwa tutafika. -takapo- haina mlango huo. Inasema kwamba kufika kutakuwapo, linalongojwa ni saa tu.

Darasani walikuwapo waliosema kwamba kwaya inayoimba "tukifika" ina imani haba. Tuliwakataza kwenda kasi. Hesabuni silabi. Tukifika ni nne. Tutakapofika ni sita. Ukiwa na sauti iliyotungwa kwa ajili ya maneno ya Kiingereza, kama ile ya "When We All Get to Heaven" ambayo Eliza Hewitt aliandika maneno yake na Emily Wilson muziki wake, ikachapwa Marekani mwaka 1898, nafasi uliyonayo ni ndogo. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. Kiswahili kinataka pumzi. Mfasiri hulazimika kuchagua kati ya hakika ya sarufi na idadi ya nota, na mara nyingi nota hushinda. Kwaya zinazotunga sauti zao wenyewe, kama zifanyavyo nyingi za Kanyosha, hazina kifungo hicho, na kwao tutakapofika hutokea mara nyingi zaidi, tena hurefushwa katika -fi-, palipo na mkazo, mpaka kanisa zima liitikie.

Jambo hilohilo la nota lilitufundisha kuwa na tahadhari kuhusu kule na huko. Tulitaka kuwaeleza wanafunzi kwamba huko ni mahali palipokwisha kutajwa, na kule ni mahali pa mbali panapoonyeshwa kwa kidole. Ni kweli, na tulimwona mwimbaji aliyeinua mkono kila alipofika kwenye kule. Lakini nyingine za kule hizi ni kiraka cha muziki. Neno mbinguni lina mkazo katikati. Sauti ikianza na pigo zito, pigo hilo linaangukia mbi- na neno linapinda. Mtunzi akiweka kule mbele, pigo zito linapata ku-, na mbinguni inabaki salama. Basi mwanafunzi anayechambua nyimbo asikimbilie maana kabla ya kuuimba wimbo mwenyewe. Asiyejua kuimba na amwombe mwenzake.

Furaha, shangwe, raha

Tulitengeneza ubaoni orodha ya maneno ya furaha yaliyotokea, na yale ambayo hayakutokea. Yaliyotokea ni furaha, shangwe, raha, faraja, heri, vigelegele. Hayakutokea starehe, anasa, wala bashasha. Kwa nini? Yote, kamusi itakuambia, yanahusu kujisikia vizuri.

Shangwe ni furaha yenye kelele na yenye watu. Mtu mmoja chumbani hana shangwe. Raha ilitoka katika Kiarabu na maana ya kupumzika, na katika nyimbo hizi imerudi kwenye asili yake: ni raha ya mtu aliyetua mzigo. Faraja hudai kwamba kulikuwa na huzuni kabla yake. Heri ina harufu ya Biblia. Lakini starehe, ingawa nayo asili yake ni kupumzika, imekwisha kukaa baa na hotelini, na anasa imepata sifa mbaya ya ubadhirifu. Bashasha ni ya usoni, haitoshi. Hili ni somo la msamiati ambalo kamusi haliwezi kulifundisha peke yake, na wimbo mmoja wa dakika tano unalifundisha bila kulitaja.

Peponi nalo linastahili aya yake. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ile wengi waiitayo ya Muungano, inalitumia neno hilo katika Luka 23:43, na Waislamu wa Buyenzi hulitumia kila siku. Katika karatasi za Kanyosha halikuwamo hata mara moja. Mwanafunzi mmoja wa Kipentekoste alituambia waziwazi kwamba pepo kwake ni wale wanaokemewa, na hawezi kuimba kwamba anakwenda kwao. Maneno mawili yenye umbo moja, na moja limemfukuza mwenzake.

Matamshi, na lile jambo la mahari

Kirundi hakina sauti l. Anayetoka katika Kirundi husema r, na mara nyingi haileti madhara: maraika anaeleweka kuwa ni malaika. Lakini nyimbo hizi hupenda kusema kwamba Yesu ametangulia kuandaa mahali, kwa kufuata Yohana 14, na mahali likisemwa kwa r linakuwa mahari. Karatasi mbili ziliandikwa hivyo hasa. Tulimuuliza mmoja wa walioandika kama alijua maana ya mahari. Alijua. Alidhani wimbo unasema habari ya mahari kwa kuwa kuna karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo, na kwamba bwana arusi ndiye anayetoa. Tulikiri kwamba ufafanuzi wake ulikuwa na mantiki kuliko makosa mengi tuliyopata kusahihisha.

Maneno mengine yamesafiri mpaka yamechoka. Malaika lilitoka Kiarabu likaingia Kiswahili, likaingia Kirundi likawa umumarayika, na sasa mwimbaji wa Kirundi analirudisha kwenye Kiswahili akiwa amelibadilisha kidogo. Dhahabu imepita njia hiyohiyo: Kirundi husema inzahabu, na kwaya huimba njia za zahabu. Je, tusahihishe? Darasani, ndiyo, anayejiandaa kuwa mwalimu au mtangazaji lazima aweze kuitamka dh. Katika mazoezi ya kwaya, sisi hatutanyanyua mkono.

Kuhusu mji, wengine huimba muji mutakatifu, kwa athari ya Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Jambo la kupendeza ni kwamba muziki haudhuriki. M ya mji ni silabi kamili, ina mizani yake kama washairi wa pwani wajuavyo, na kwa hiyo mji na muji vyote ni mizani mbili. Nota hazibadiliki, linalobadilika ni irabu tu.

Ng'ambo

Tumeliacha mwisho neno ambalo ndilo lililotugusa zaidi. Nyimbo za mbinguni za karne ya 19 zilipenda mfano wa kuvuka maji. "Sweet By and By", maneno ya Sanford Bennett na muziki wa Joseph Webster, iliyoandikwa Elkhorn katika jimbo la Wisconsin na kutolewa mwaka 1868, inawakutanisha wapendwa katika ufuko wa pili. Kiswahili kina neno moja tu la kuyasema hayo yote: ng'ambo. Kirundi kina hakurya.

Kwa mtu wa Elkhorn huo ulikuwa mfano. Kwa mtu wa Kanyosha, ng'ambo iko pale, inaonekana. Mwaka 1996, vita vilipoanza mashariki mwa Zaire, maelfu walivuka ziwa kwenda Kigoma. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikwama katika kijiji cha Kagunga ufukweni, kipindupindu kikaingia, na meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawachukua safari baada ya safari kuwapeleka Kigoma. Mwimbaji anayesema "tutavuka" amekwisha kuvuka mara moja au mbili, na anajua kwamba ng'ambo ya maji huweza kuwa na hema, foleni ya unga na kibandiko cha namba mkononi. Hata hivyo anaichagua ileile ng'ambo kuisema mbingu. Mwanafunzi aliyeleta wimbo huo alituambia kwamba mama yake huimba sauti ya pili, na kwamba ubeti wa kuvuka huwa hauimbi; hufunga mdomo akavuma tu hadi kiitikio.

Tuliporudi kusahihisha karatasi tulilazimika kuamua juu ya alama. Yule aliyepigiwa mistari myekundu sekondari alikuwa ameandika "kwetu pazuri" mara tatu, "zahabu" mara moja, na "mahari" mahali pa mahali. Tulimpunguzia alama moja, ya mahari.

Nakala za nyimbo zilizokusanywa, bila majina ya waimbaji, zimewekwa katika maktaba ya idara kwa ajili ya walimu wanaotaka kuzitumia katika vipindi vya ngeli za mahali na vya matamshi. Muhula ujao tutaomba karatasi za Buyenzi, na safari hii tutatafuta kaswida.